Mwenda Tezi na Omo: Msomaji na Mvuto wa Masimulizi ya Safari katika Nathari ya Kiswahili

1. Utangulizi

Masimulizi ya safari hayajapewa nafasi yanayostahili katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Ushairi, riwaya na tamthilia vimeshughulikiwa kwa mapana, na tawasifu nayo imeanza kupata watafiti. Lakini habari za safari, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili kupigwa chapa, zimeachiwa zaidi wanahistoria na wanaisimu. Mwanahistoria huzisoma akitafuta majina ya watemi, njia za misafara na bei ya pembe. Mwanaisimu huzisoma akitafuta miundo ya lahaja za Mrima na Unguja kabla ya usanifishaji. Kila mmoja huondoka na alichokijia, na matini hubaki pale pale, kana kwamba haikuandikwa ili isomwe. Wapo waliojaribu kuirekebisha hali hii. Jack Rollins aliandika historia ya nathari ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1983, na Thomas Geider, katika makala yake ya mwaka 1992 kuhusu masimulizi ya mwanzo ya safari, aliyatazama maandishi haya kama kundi linalostahili kuchunguzwa pamoja. Pamoja na juhudi hizo, swali moja bado linahitaji jibu: ni kitu gani kinachomvuta msomaji wa Kiswahili aifungue habari ya safari, na ni kitu gani kinachomzuia asiifunge kabla haijaisha?

Huenda ikadhaniwa kwamba swali hili ni la wachapishaji na wauza vitabu. Kwa hakika ni swali la fani. Safari haina msuko wa lazima. Mtu aliondoka, akapita hapa na pale, akafika, akarudi. Matukio yake hufuatana kwa kuwa njia ndiyo iliyoyafuatanisha. Tukio moja si lazima lizae jingine. Mwandishi wa riwaya anaweza kumshika msomaji kwa mgogoro alioubuni na kuupalilia sura baada ya sura. Msafiri hana mgogoro ila ule uliomkuta, na pengine haukumkuta. Hivyo basi, kila msimulizi wa safari analazimika kutafuta kitu cha kuzishikanisha siku zake, na namna anavyokitafuta ndiyo fani yake.

Makala haya yanatoa hoja kwamba ugeni wa mahali humvuta msomaji, lakini haumshiki. Kinachomshika ni deni ambalo msafiri analo kwa watu aliowaacha nyumbani. Anayesafiri huenda kwa niaba ya wasiokwenda, naye akirudi hudaiwa habari. Ndiyo maana mgeni anayepiga hodi, akishakaribishwa na kuketi, huulizwa habari za atokako kabla hajaulizwa shida yake. Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba, azunguke atakavyozunguka, mwisho atarejea kwao. Hapa inachukuliwa kama kanuni ya usimulizi: msafiri anayeandika huku akijua kwamba atarejea ngamani, mbele ya watu wanaomjua na watakaomsaili, huandika tofauti na yule aliyejisahau huko aendako.

Hoja hii itapimwa kwa matini zilizotoka katika vipindi mbalimbali: masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten mwaka 1901, maisha ya Tippu Tip yaliyochapishwa mwaka 1902 na 1903, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza cha Martin Kayamba (1932), Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) na Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi (2013). Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, ingawa ni kazi ya kubuni, itatumiwa kama kielezo cha nadharia nzima.

2. Msomaji Aliyeagiza na Msomaji Aliyekusudiwa

Wahakiki wa nadharia ya upokezi wameonyesha kwamba msomaji hayuko nje ya matini tu. Hans Robert Jauss alisisitiza upeo wa matarajio ambao msomaji huingia nao katika kazi ya fasihi. Wolfgang Iser naye alichunguza nafasi ambazo matini yenyewe humwachia msomaji azijaze. Mawazo haya yana manufaa makubwa kwa masimulizi ya safari ya Kiswahili, kwa sababu mengi ya mwanzo yana wasomaji wawili wanaovutana.

Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Yeye ndiye aliyewahimiza watu wa pwani watoe habari za safari zao, na mwaka 1901 akazichapisha kwa Kiswahili chini ya jina Safari za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani katika kitabu cha pili. Msomaji wa kwanza wa kitabu hicho alikuwa Mjerumani aliyejiandaa kwenda kutawala, kufanya biashara au kuhubiri Afrika Mashariki. Kutokana na ukweli huu baadhi ya wasomi huyaona masimulizi haya kama majibu ya mtihani: bwana ameuliza, mtu wa pwani amejibu, na fasihi haipo.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Katika habari yoyote ya safari, msimulizi hueleza kile anachodhani msomaji wake hakijui na hupita juu ya kile anachodhani anakijua. Kwa hiyo mhakiki akitaka kumtambua msomaji aliyekusudiwa, hana haja ya kuangalia dibaji wala jina la aliyelipia uchapishaji. Na aangalie maelezo yamewekwa wapi. Sleman bin Mwenye Chande anaposimulia safari yake ya bara, anazungumza juu ya hongo, mizigo, wapagazi na majadiliano na wenye nchi kama mtu anayezungumza na mwenziwe aliyewahi kufanya biashara hiyo, au ambaye ndugu yake amewahi kuifanya. Mjerumani wa Berlin angehitaji kila moja ya mambo hayo lifafanuliwe. Mtu wa Bagamoyo angechoka kama yangefafanuliwa. Msimulizi amemchagua mtu wa Bagamoyo.

Vivyo hivyo kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, anayesimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Udoe si mbali na Bagamoyo alikotoka msimulizi. Kama mvuto wa habari ya safari ungetokana na umbali, habari yake ingekuwa dhaifu kuliko zote kitabuni. Lakini Mtoro anaiunganisha safari na mila za Wadoe, watu ambao msomaji wa pwani amesikia mengi juu yao bila ya kuwajua. Jirani anayesemwa lakini hajulikani huamsha hamu kubwa zaidi kuliko mgeni wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Msomaji huingia katika habari akiwa tayari ana dhana, na kila ukurasa unaithibitisha au kuivunja dhana hiyo. Huo ndio upeo wa matarajio ukifanya kazi, nao hauhitaji maili nyingi.

3. Ugeni na Mizani: Selim bin Abakari

Mfano ulio kinyume na wa Mtoro ni wa Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Mwaka 1896 aliandamana na bwana wake katika safari ya Urusi na Siberia, na habari aliyoiacha ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote katika mkusanyiko wa Velten. Hapa ugeni ni mwingi: baridi, mito mikubwa, watu wa mataifa ambayo msomaji wa pwani hajapata hata kusikia majina yao. Inafaa kuuliza jinsi Selim anavyojiepusha na hatari iliyoko katika wingi huo.

Hatari yenyewe ni hii. Ajabu ya kwanza humshangaza msomaji, ya pili humfurahisha, na ya kumi humchosha. Mshangao hauongezeki kwa kurudiwa. Msimulizi anayetaka kumweleza theluji mtu asiyepata kuiona ana njia mbili. Anaweza kusema kwamba ni kitu cha ajabu kisichoelezeka, na kwa kusema hivyo akajitukuza yeye aliyekiona na kumwacha msomaji nje ya mlango. Au anaweza kutafuta mfano miongoni mwa vitu ambavyo msomaji amevishika kwa mikono yake, kama vile pamba, unga, chumvi au mvua ya mawe, kisha aonyeshe mfano huo unafaa mpaka wapi na unakoma wapi. Njia ya pili ni ya mizani: upande mmoja kimewekwa kitu kigeni na upande wa pili kitu cha nyumbani, na msomaji ndiye anayeshika mizani. Kazi hiyo ya kupima ndiyo inayomweka macho.

Selim anaelekea kwenye njia hiyo ya pili. Macho yake ni ya mtu wa visiwani na pwani, naye haoni haya kuwa hivyo. Hajaribu kuandika kama Mjerumani. Anapokutana na Waislamu wa nchi zile, safari inapata jambo ambalo bwana wake hangeweza kulipata: watu wa rangi nyingine na lugha nyingine wanaoshiriki naye ibada ileile. Kwa msomaji wa Lamu, Mombasa au Moroni, ukurasa huo haumhusu Mrusi tena. Unamhusu yeye mwenyewe, kwa kuwa unampanulia mipaka ya jamaa zake. Mbali pamekuwa karibu, na hiyo ni habari kubwa kuliko idadi ya maili.

Jambo la pili linaloipa matini hii nguvu ni kwamba anayetazama naye hutazamwa. Msafiri mweusi katika nchi ambazo watu wake hawakuzoea kumwona mtu kama yeye hawezi kujificha nyuma ya jicho lake. Katika maandishi mengi ya Wazungu waliosafiri Afrika karne ya 19, msimulizi ni jicho lisilo na mwili: huona na haonwi, hupima na hapimwi. Selim hakuwa na fursa hiyo. Kila anapofika, yeye mwenyewe ni ajabu ya mji. Uhakiki wa siku hizi ungeiona hali hii kama unyonge wa mtumishi asiyechagua njia yake, na kwa upande wa siasa ni kweli. Lakini kwa upande wa fani ni hazina. Msimulizi anayetazamwa analazimika kuingia katika habari yake akiwa mtu mzima, mwenye baridi, mwenye woga na mwenye kiburi chake, na msomaji hushikwa na mtu upesi kuliko anavyoshikwa na mandhari.

4. Hila, Imani na Waliobeba Mizigo

Ikiwa Selim anamshika msomaji kwa mizani, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, anamshika kwa mwendo. Habari ya maisha yake aliiandika Unguja kwa hati ya Kiarabu kwa kuombwa na Heinrich Brode, aliyeitoa kwa hati ya Kirumi na kuichapisha mwaka 1902 na 1903. Baadaye ilichapishwa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ingawa inaitwa maisha, sehemu yake kubwa ni safari.

Msomaji anayetarajia maelezo ya misitu na maziwa hatayapata. Tippu Tip haelezi mandhari. Anataja mahali, siku, idadi ya watu, frasila za pembe na maneno yaliyosemwa. Sentensi zake ni fupi, zinasukumwa na kiambishi cha -ka- kutoka tendo hadi tendo, na mazungumzo yanaingizwa bila ya utangulizi. Wazungu mashuhuri, akiwemo Livingstone, Cameron na Stanley, wanaingia katika habari hii na kutoka kama wateja wengine wa njiani. Kwa msomaji aliyelelewa na vitabu vya shule vilivyowafanya watu hao kuwa kitovu cha historia ya bara, upungufu huo wa heshima ni mvuto wa pekee.

Tukio linalostahili uchunguzi wa karibu zaidi ni lile la Utetera. Tippu Tip anapata habari kwamba zamani ndugu wa kike wa ukoo wa mtawala, Kasongo Rushie, walichukuliwa mateka na hawakurudi. Anapofika mbele ya mtawala huyo, anajitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Kasongo Rushie anamwamini, anamtambua kuwa wa damu yake na kumkabidhi utawala pamoja na pembe nyingi. Ndani ya habari ya safari mna habari nyingine ya safari: msafiri anamsimulia mwenyeji wake kisa cha mtu aliyetoweka na kizazi chake kilichorejea. Kisa kinafaulu kwa sababu kimejengwa juu ya jambo ambalo msikilizaji alilitamani kwa miaka mingi. Hakuna ushahidi bora zaidi wa hoja ya makala haya. Tippu Tip alijua kwamba msikilizaji hashikwi na ugeni wa mgeni. Hushikwa na tumaini kwamba aliyeondoka amerudi.

Lakini tukio hilohilo linafungua shaka. Msimulizi amemwonyesha msomaji jinsi habari inavyoweza kutumiwa kama mtego. Aliyemwamini Kasongo Rushie alipoteza utawala. Anayemwamini Tippu Tip leo, je, anapoteza nini? Mvuto wa kitabu hiki umejengwa kwa namna inayomfanya msomaji kuwa mwandani wa mjanja. Anachekeshwa, anashirikishwa siri, anapewa kiti upande wa mshindi. Akishaketi hapo, hawaoni tena watu waliobeba zile frasila. Wapagazi na watumwa wanahesabiwa katika matini hii, lakini ni nadra kusikilizwa. Idadi yao ipo. Safari yao haipo.

Kwa sababu hiyo, Tippu Tip hana budi kusomwa sambamba na Mbotela. Uhuru wa Watumwa kinasimulia njia hizohizo za bara hadi pwani kwa upande wa waliofungwa minyororo, mpaka kuokolewa kwao baharini na kupata makazi ya Freretown karibu na Mombasa. Mwandishi ni mtoto wa jamii hiyo ya walioachwa huru, na habari aliyoirithi ni ya wazee wake. Hapa deni la msimulizi ni la aina nyingine kabisa. Tippu Tip alirejea Unguja na mali. Watu wa Mbotela hawakurejea walikotoka. Methali ya tezi na omo inakwama kwao, kwa kuwa ngama yenyewe ilikuwa gereza. Wanalazimika kuunda nyumbani mpya na kuwasimulia watoto waliozaliwa humo. Ni kweli kwamba Mbotela anawatukuza Waingereza kama waokozi kwa kiwango ambacho mhakiki wa baada ya uhuru hawezi kukipokea bila ya kukihoji. Hata hivyo msomaji hamwachi njiani, kwa kuwa anahisi kwamba bila ya kitabu hicho wako watu ambao safari yao isingehesabiwa kabisa. Kwa ujuzi wa kusimulia Tippu Tip anamshinda Mbotela. Kwa haki ya kusikilizwa Mbotela anamshinda Tippu Tip. Mwalimu wa fasihi anayefundisha kimoja bila ya kingine anawanyima wanafunzi wake nusu ya njia.

5. Nafsi ya Wingi katika Kitabu cha Kayamba

Mwaka 1931 Martin Kayamba, karani wa ngazi ya juu katika serikali ya Tanganyika, alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba. Walikwenda kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Pamoja ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza pendekezo la kuziunganisha kwa karibu Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kitabu chake kilitoka Sheldon Press kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza.

Jina hilo ni ahadi yenye sehemu mbili. Nafsi ya wingi, tu-, inaweza kuwa ya wajumbe watatu peke yao. Inaweza pia kuwa ya nchi iliyowatuma. Kitenzi cha kuona kinamwahidi msomaji maajabu ya mji mkuu wa dola. Kitenzi cha kufanya kinamwahidi hesabu ya ujumbe. Mwaka 1932 msomaji wa Tanga au Tabora alikuwa na sababu nzito ya kutaka ile ahadi ya pili. Muungano uliopendekezwa ungeweza kuiweka nchi yake chini ya ushawishi wa walowezi wa Kenya. Watu watatu walikuwa wamevuka bahari kulisemea jambo hilo, na kila aliyebaki alistahili kujua walisema nini na walisikilizwa vipi.

Udhaifu wa kitabu uko hapa. Kuona kunaelekea kukifunika kufanya. Msimulizi ni mgeni mwenye adabu, na adabu yake inaingia katika mtindo: shukrani na sifa zinachukua nafasi ambayo ingechukuliwa na mizani. Selim, mtumishi, aliweza kupima. Kayamba, mjumbe rasmi, anasifu. Tofauti hii haitokani na uwezo wa akili, kwani Kayamba alikuwa miongoni mwa Waafrika waliosoma vyema wakati wake. Inatokana na msomaji anayemwogopa. Kitabu kilichapishwa London, katika mazingira ya ukoloni, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ileile aliyoandika habari za makao yake makuu. Aliyekusudiwa yuko Tanganyika, lakini anayechungulia begani ni bwana mkubwa. Pale maandishi yanapomwelekea huyo wa pili, msomaji wa nyumbani anahisi kwamba barua aliyoandikiwa yeye inasomewa mtu mwingine, na hamu yake inapungua.

Haitakuwa haki kukihukumu kitabu kizima kwa kosa hilo. Nafsi ya wingi inabaki kuwa mchango wake mkubwa. Kwa kusema tu-, Kayamba anakataa kuifanya safari kuwa sifa ya mtu mmoja, na hata pale anaposifu kupita kiasi, msomaji anakumbushwa kwamba kuna kundi lililomtuma. Waandishi wengi wa safari waliokuja baadaye, wenye uhuru ambao Kayamba hakuwa nao, wameiacha nafsi hiyo wakashika ni-, wasijue walichokipoteza.

6. Baraza la Kusadikika na Kijana wa Adam Shafi

Shaaban Robert aliliona tatizo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye anapewa siku sita za kujitetea. Utetezi wake si wa vifungu. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo yenye manufaa kwa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Kazi hii imehakikiwa mara nyingi kama istiari ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo ni sahihi. Lakini inafaa isomwe pia kama kazi inayohusu habari za safari zenyewe na wanaozipokea.

Karama anasimulia mbele ya wasikilizaji walio adui. Akiwachosha, anakufa. Hata hivyo hatumii vituko vya nchi ngeni peke yake kuwashika. Kila safari inafungwa kwa swali moja: mjumbe alileta nini, na nchi ilimtendea nini? Wasikilizaji wanasikilizishwa kesi yao wenyewe. Wanadhani wanaihukumu safari ya mwingine, kumbe safari ndiyo inayowahukumu. Hapa deni limegeuzwa. Msafiri alilipa habari aliyodaiwa. Aliyekataa kuipokea ndiye mwenye deni sasa. Kwa kuligeuza deni hilo, Shaaban Robert anaonyesha kwamba msomaji naye ana wajibu, na kwamba jamii inayowafunga wajumbe wake haiwezi kulalamika kuwa haina habari za dunia.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, Adam Shafi anaturudishia msafiri asiyetumwa na mtu. Katika Mbali na Nyumbani, kijana anaondoka Zanzibar na kupitia Kenya, Uganda na Sudan akielekea Misri, nia yake ikiwa kufika Ulaya kwa ajili ya masomo. Kwa nje hana deni kwa yeyote. Amekwenda kwa hamu yake mwenyewe. Lakini jina la kitabu limekwisha kumfunga. Mwandishi hakukiita kwa jina la alikokuwa akienda. Amekiita kwa umbali kutoka alikotoka. Kila kituo kinapimwa kwa nyumbani, na kila mwenyeji anayemkirimu au kumfukuza anapimwa kwa mila ya ukarimu aliyolelewa nayo. Kitabu kilichoandikwa na mtu mzima kuhusu ujana wake kina pia mizani ya pili, ile ya wakati: Zanzibar aliyoiacha kijana si ile ambayo msomaji wa mwaka 2013 anaijua. Kurejea ngamani hakuwezekani kikamilifu, na huzuni hiyo isiyotamkwa ndiyo inayoyapa masihara ya njiani uzito wake.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba mvuto na ushikaji wa msomaji ni mambo mawili tofauti katika masimulizi ya safari. Umbali, baridi ya Siberia na fahari ya London humfanya mtu afungue kitabu. Kinachomfanya aendelee ni kujikuta ndani yake: mizani aliyokabidhiwa na Selim, tumaini ambalo Tippu Tip alijua kulichezea, majina ambayo Mbotela hakukubali yapotee, nafsi ya wingi ya Kayamba, swali la Karama na nyumbani kwa Adam Shafi. Pale msimulizi anapomsahau mtu wa nyumbani, akaandika kwa ajili ya aliyemlipia nauli au aliyemkaribisha, habari hubaki na maajabu yake yote lakini hukosa wa kuambiwa.

Matokeo haya yana maana kwa ufundishaji. Ikiwa masimulizi ya safari yana fani inayoweza kuchanganuliwa, hayana sababu ya kubaki katika orodha za vyanzo vya historia peke yake. Yanafaa kuingia katika kozi za nathari bega kwa bega na riwaya, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangepata hapa uwanja mpana usiochoshwa na wengi. Kazi ya kwanza ingekuwa kutoa matoleo ya kihakiki ya matini za Velten kwa othografia ya leo, yenye maelezo ya maneno ya misafara na bila ya kusawazisha lahaja zake, ili msomaji wa Afrika Mashariki azipate bila ya kupitia Kijerumani.

Kwa upande wa wanaoandika safari zao leo kwa Kiswahili, fundisho ni la kazi zaidi kuliko la nadharia. Wasomaji wao wengi wamekwisha kuziona picha za miji wanayoandikiwa, na mshangao wa mahali umepungua bei. Orodha ya viwanja vya ndege, hoteli na majengo marefu haitawashika watu hao. Mwandishi na ajiulize, kabla hajaanza, ni nani aliyebaki nyumbani anayemdai habari hii, na anamdai jambo gani. Akilijua hilo, hata safari ya kwenda Udoe na kurudi Bagamoyo itamtosha.